Kitufe Kisicholia

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana sijafika hata miaka ishirini na sina mvi hata moja, lakini neno jingine silioni. Kazi nimeifanya, kiti nimekikalia mpaka sponji yake ikashika umbo langu, na sasa nimepangiwa kidato cha tano huko bara, shule ya bweni ambako simu tu ni kosa, sembuse kompyuta ya muziki. Kiti anakirithi Tatu, binti wa shangazi yangu. Tatu ni msemaji, mimi si msemaji. Nikimweleza uso kwa uso nitasema mambo mawili na mengine yatanikwama kooni kama kawaida yangu, kwa hiyo nayaandika. Atakayemfuata Tatu naye asome.

Habari za malipo siandiki. Anayetaka kuzijua amuulize Shebe, ataona jinsi mtu anavyoweza kubadilisha mazungumzo.

Shebe ndiye prodyuza na ndiye mwenye studio. Studio yenyewe ni chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, hapa Mabawa, kilichokuwa stoo ya mkaa. Kutani amebandika trei za mayai na magodoro yaliyochoka, na ukikaa sana unatoka na vumbi jeusi puani, kwa sababu mkaa haujakubali kuhama. Maikrofoni ni moja. Hedifoni ni mbili, moja inasikika sikio la kulia tu. Hiyo ya sikio moja ndiyo ya mgeni.

Siku ya kwanza sikwenda kutafuta kazi. Ilikuwa likizo ya kidato cha pili na Tatu alikuwa ameamua kuwa mwimbaji. Mama akasema binti haendi studio peke yake, basi nikapelekwa mimi, msichana mwenzake, niwe mlinzi, mimi ambaye nikitumwa dukani narudia maneno njiani nisije nikaulizwa jambo. Tatu akaimba. Mimi nikakaa nyuma ya mlango, juu ya ndoo ya rangi.

Walipopumzika Shebe akaniona. "Na wewe mdogo wangu, unaimba?"

Nikatikisa kichwa.

"Unarapu?"

Tatu akadakia, "Huyo? Huyo hata salamu anaitikia kwa nyusi."

"Sasa unafanya nini?"

"Nasikiliza," nikasema.

Akanivalisha hedifoni ya sikio moja. Akapiga kipande kile kile mara mbili, kila mara na besi yake, akaniuliza ipi inamsumbua dada yangu. Nikasema ya pili. Akauliza kwa nini. Nilichukua muda mrefu mpaka Tatu akaanza kunijibia, lakini mwishowe nikasema: kwa sababu inamfuata. Kila anapopanda nayo inapanda, kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake sokoni. Shebe akaifuta besi ya pili. Tulipokuwa tunaondoka ndipo akaniambia, "Kesho ukiwa na nafasi, pita." Wimbo wa Tatu haujaisha mpaka leo. Mimi nikapita, nikawa napita kila likizo na kila Jumamosi, na baada ya mtihani wa kidato cha nne nikawa napita kila siku.

Kwa nini besi? Niseme ukweli. Mwimbaji anatazamwa. Mpiga ngoma anatazamwa. Mpiga besi hata awe amesimama mbele ya watu na kofia nyekundu, hakuna anayemuuliza jina. Nilipoligundua hilo nikajua nimepata kazi ya maisha yangu, na isingekuwa matokeo kutoka vizuri pengine ningeendelea.

Sasa chombo chenyewe. Besi yetu haina nyuzi wala mti. Imo ndani ya kompyuta. Ukiifungua unaona picha yenye vifundo vya kuzungusha, kama vya redio ya babu, na sauti unaitengeneza mwenyewe kutoka kwenye wimbi tupu. Kuna wimbi la mviringo, laini, linaloguna tu chini. Kuna wimbi la msumeno, lina meno, linakwaruza. Watu wote wapya wanakimbilia msumeno kwa sababu unajitangaza. Mimi niliachiwa kifundo kimoja tu asubuhi nzima, kile cha kichujio. Shebe aliniambia, "Huo ni mlango. Ukifunga, besi inaongea chumbani. Ukifungua, inatoka barazani. Kaa hapo ufungue na kufunga mpaka uchoke." Nikachoka kweli, lakini kufika adhuhuri nilikuwa najua kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na besi iliyo chumbani kwenye beti, kisha kwenye kiitikio ikatoka barazani, na msikilizaji akadhani wimbo mzima umekua, kumbe umefungua mlango tu.

Nota unazipiga kwa kinanda kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Tatu, kinanda hiki kiheshimu. Kilinunuliwa mtumba kwa mtu wa Chumbageni na kilikuja na ugonjwa wake: kitufe kimoja hakilii. Ni fa ya katikati, ile ya do-re-mi-fa. Unabonyeza, kinashuka, kinapanda, sauti hakuna. Mwanzoni nilikuwa nahamisha wimbo mzima ili fa isihitajike. Baadaye nikakizoea mpaka nikakipa kazi. Mahali besi inapotakiwa kunyamaza, mkono wangu una tabia ya kujisahau: ukiuacha hewani unachelewa kurudi, au unawahi. Basi nikawa nabonyeza kile kibovu. Mkono unaendelea na safari yake, sauti inakaa kimya, na nota inayofuata inaingia kwa wakati. Shebe aliponiona akasema, "Wewe unapiga kimya." Nilidhani ananisema. Nikaja kujua alikuwa ananisifu, kwa Shebe ni vigumu kutofautisha.

Jambo jingine la mwanzo mwanzo: ngoma kubwa na besi zote zinakaa chini, na chini hapana nafasi. Ni kama watu wawili wanene kwenye mlango mmoja wa choo. Mmoja apite kwanza. Kila ngoma inapogonga, besi inywee kidogo, kisha irudi. Kompyuta inaweza kukufanyia hivyo ukiiambia, lakini usiiambie kwenye kila wimbo, maana singeli inapenda na taarabu haipendi.

Halafu kuna Mama Rehema. Mama Rehema ni jirani wa ukuta mmoja, anapika chapati na maharage, na masufuria yake anayapanga kwenye rafu iliyopigiliwa kwenye ukuta huo huo. Besi ikizidi, vifuniko vinaanza kutetemeka.

"Wee Shebe!" utamsikia. "Hiyo besi yako ina ugomvi gani na masufuria yangu?"

"Samahani mama!"

"Usiniombe samahani, punguza! Maharage yenyewe yamechanganyikiwa, hayajui yanachemka au yanacheza!"

Shebe alikuwa anapunguza mpaka kelele zinapoisha. Ikifika hapo mixi, yaani mchanganyiko wa sauti zote, ilikuwa inakaa sawasawa, mara zote. Sijui sababu yake ya kitaalamu, lakini spika zetu ni ndogo na zinaficha mambo ya chini, vifuniko havifichi. Na baada ya hapo tunausikiliza wimbo kwenye simu, ile ya mlio mkali isiyo na besi kabisa. Kama kwenye simu besi imepotea moja kwa moja, unaongeza meno kidogo ya msumeno juu yake, sikio lishike meno na liwazie mwili. Anayesikiliza kwenye bodaboda ana haki zake.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na kijana wa singeli kutoka Makorora aliyetaka besi "inayopiga ngumi". Nikampa. Akasema bado. Nikazidisha. Akasema bado. Mama Rehema akaja mwenyewe mlangoni na mwiko. Ikabainika yule kijana alikuwa amevaa hedifoni ya sikio moja, na sikioni ameweka upande mbovu tu. Hizo ni za kuchekesha. Iliyonifundisha kazi ni ya Bi Mwanakombo, na hiyo nitaieleza yote.

Bi Mwanakombo ni mtu wa Pongwe. Zamani alikuwa mwimbaji wa kundi la taarabu. Mpiga besi wao, Athumani, akahamia Mombasa kwa wanawe, mpiga fidla akafariki, kundi likafa, naye akaacha kuimba. Lakini alikuwa na mjukuu, Saumu, aliyemlea mwenyewe, na tangu Saumu ni kigori alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atamwimbia. Sasa Saumu anaolewa. Kundi hakuna. Ndipo akaletwa kwa Shebe, atengenezewe muziki wa kompyuta auimbie mwenyewe mbele ya watu. Aliingia studio akiwa amejifunga kanga juu ya baibui, akatazama trei za mayai kutani, akasema, "Mnafuga?"

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Kundi liko wapi?"

Shebe akaonyesha kompyuta. Bi Mwanakombo akaitazama kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe asiyemtarajia.

Akatuimbia wimbo bila muziki. Sauti ilikuwa imeingia kutu kidogo juu, lakini chini ilikuwa nzima. Kiitikio chake kilikuwa hiki:

Nyumba yetu ina mlango, haina kufuli ndani,
Aliyekuja kwa wema, apishwe hadi uani.

Shebe akanipa besi niitengeneze peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikatengeneza sauti nzuri, wimbi la mviringo lenye meno madogo, mlango umefunguliwa nusu. Nikapiga mistari, nikaiamuru kompyuta ininyooshee nota zote zikae kwenye mstari wa mapigo. Ilikuwa safi. Bi Mwanakombo akajaribu kuimba juu yake, akasimama katikati ya beti.

"Hapana."

Nikabadilisha sauti, nikadhani ni nzito. Akaimba, akasimama.

"Hapana, mwanangu."

Nikabadilisha tena. Safari hii hakusimama, aliimba hadi mwisho, lakini alipomaliza alikaa kwenye kiti akashika kifua. Akamwambia Shebe kwa upole kwamba shukrani, wamejitahidi, ila yeye ni mzee na Saumu atapigiwa nyimbo za kwenye simu kama wenziwe, si aibu. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Mimi nikaona anaondoka na ahadi yake mfukoni, na besi ni yangu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Bibi, imekosa nini?"

"Eti nini?"

"Anauliza besi imekosa nini," Shebe akasema.

Bi Mwanakombo akaacha viatu. "Nipumue wapi?" akaniuliza. "Huyo mpigaji wako hapumui. Kila ninapotaka kuvuta pumzi namkuta amekaa. Athumani wangu alikuwa akiniachia. Nikimaliza mstari, kimya, navuta, ndipo anaingia. Huyu wako anazungumza mfululizo kama mnadi samaki."

Kumbe tatizo halikuwa sauti hata kidogo. Nilikuwa nimehangaika na vifundo, kumbe lilikuwa kwenye mapengo. Nikamwomba aimbe tena bila muziki. Sikupiga kitu, nilimtazama mabega. Mabega yanapanda anapovuta. Kisha nikafuta nota zote, nikarekodi upya yeye akiimba pembeni, na kila mabega yalipopanda nikabonyeza fa isiyolia. Safari hii sikuiambia kompyuta ininyooshee. Nikazikata nota mikia ili zisiburuzike hadi kwenye pumzi yake. Ukizitazama kwenye skrini zilikuwa ovyo, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Bi Mwanakombo akaimba hadi mwisho, akasema, "Huyo sasa ni mtu."

Shebe akaufunga wimbo. Akaupa mwisho mzuri, besi inashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini kabisa, inalala. Urefu akaweka ule wa nyimbo zote tunazotengeneza, wa kuchezeka redioni. Hakuna aliyeliona kosa. Shebe ni mwanamume, hajawahi kuingia shughuli ya wanawake. Bi Mwanakombo hajawahi kuimba na kundi lisilomtazama usoni. Na mimi kwenye shughuli huwa nakaa jikoni kwenye kukuna nazi, kwa hiari yangu.

Siku ya shughuli Shebe akaniambia, "Twende mpaka barabarani, kutoka hapo ni wewe." Nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba wanaume hawaingii, lakini nilikuwa sijaifikisha hesabu mwisho wake, kwamba kama Shebe haingii basi fundi mitambo ni mimi. Alitaka nibebe wimbo kwenye flashi tu. Nikabeba kompyuta nzima na kinanda, kwa woga. Nilifikiri flashi ikikataa kusomeka nitasimama pale nikitazamwa na Pongwe nzima. Woga una faida zake, sitaki kuusema vibaya.

Ilikuwa baada ya alasiri, uani, chini ya turubai. Kijana wa kukodisha spika akanionyesha waya wa kuchomeka na kifundo cha kupandisha, akatoka mbio kabla kinamama hawajamzomea. Nikajipanga nyuma ya spika kubwa, chini, kwenye mkeka. Kutoka pale nilikuwa nayaona mabega ya Bi Mwanakombo na safu ya mbele. Saumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kupambwa, hina mpaka kiwiko. Upande wa pili amekaa mama wa bwana harusi, mgeni kutoka Muheza, mama mnene aliyejaa dhahabu na utulivu, na nyuma yake wanawake wa kwao.

Nikaanzisha wimbo. Bi Mwanakombo akaimba mstari wa kwanza na uwanja wote ukamgeukia. Kisha vikatoka vigelegele ambavyo viliifunika hata ngoma. Kinamama wakaanza kuinuka kumtunza.

Tatu, wewe unajua inavyokuwa, mimi nilikuwa nimesahau. Hakuna anayetunza kwa haraka. Mtu anainuka, anajifunga kanga, anakuja akicheza hatua mbili mbele, moja nyuma, anamzunguka mwimbaji, anampachika alichonacho, anazungumza na wimbo kwa mkono kwamba mstari huo umemhusu yeye na fulani yuko pale anasikia, anarudi vile vile alivyokuja. Nyuma yake wamo wengine. Na kwa taratibu za pale, upande wa bibi harusi unatangulia, mkwe anakuja mwisho na watu wake. Kundi la zamani lilikuwa linazungusha kipande cha mwisho mpaka wa mwisho arudi kitini. Wimbo ukimkatikia mtu njiani, umemwambia arudi alikotoka.

Nikatazama skrini. Ule mstari unaotembea ulikuwa umeshapita viitikio vyote isipokuwa kimoja. Nikatazama uwanjani. Shangazi zake Saumu walikuwa bado wamejipanga. Mama wa bwana harusi ndiyo kwanza ameanza kutafuta kiatu chake kwa mguu.

Mwanamke aliyekaa karibu yangu akamnong'oneza mwenzie, "Hebu tuone huo wimbo wa mashine kama utamngoja mtu mzima."

"Ukimwacha njiani," mwenzie akasema, "Saumu atayasikia hayo mpaka anazeeka. Akichelewa kupika tu ataambiwa: ndiyo nyie, mliotuzimia wimbo."

Nikavuta alama ya kurudia juu ya kipande cha mwisho, nikaishika mwanzo wake, nikakosea, nikaishika tena. Mstari ukafika mwisho wa kipande na kuruka nyuma. Ngoma haikukatika. Nikashusha pumzi. Kisha besi ikaanza tena kushuka ngazi, ile lala salama ya Shebe, na shangazi mmoja aliyekuwa katikati ya uwanja akasita, akamtazama Bi Mwanakombo, kama mtu aliyeambiwa kwaheri mlangoni. Kila kipande kingejirudia, besi ingeaga. Ingeaga, ingerudi, ingeaga, kama mgeni mlevi.

Basi nikaizima. Besi nzima. Chini pakawa patupu, zikabaki ngoma na fidla za kompyuta, na Bi Mwanakombo akageuza kichwa kidogo nyuma. Nikaweka kinanda mapajani nikaanza kupiga kwa mkono.

Ya kurekodiwa nilikuwa nimeipanga kwa pumzi za beti zake. Sasa beti zilikuwa zimekwisha, alikuwa anatunga hapo hapo, na pumzi zikawa zinakuja anakotaka yeye. Sikutazama vidole wala skrini. Nilitazama mabega. Yakipanda, fa isiyolia. Yakishuka, naingia. Mara moja nilimwahi, akanisubiri. Mara moja alichelewa yeye, nikamsubiri. Shangazi akaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea.

Mama wa bwana harusi sasa alikuwa amesimama. Hakuwa na haraka hata chembe. Nadhani alikuwa anatupima. Akarekebisha mtandio. Akamkabidhi mtu pochi, akaichukua tena. Bi Mwanakombo akamwona, akavuta pumzi ndefu kuliko zote, nikaibonyeza fa mara mbili, akamtupia:

Mkwe hendi kwa haraka, hatua yake ya enzi,
Tungoje hadi kufika, tumlaki kwa mapenzi.

Uwanja ukalipuka. Yule mama akacheka, kicheko cha kweli, mabega na dhahabu vyote vikacheka, akaanza kuja. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Wanawake wa Muheza wakajipanga nyuma yake. Vidole vyangu vilikuwa vinauma na nilikuwa nimekaa juu ya waya, lakini nikaendelea. Akafika, akamtunza Bi Mwanakombo, kisha akaenda mpaka kwa Saumu, akavua bangili moja mkononi mwake akamvisha. Akarudi kitini, akaketi, akavaa kiatu. Ndipo Bi Mwanakombo akanyanyua mkono mmoja bila kugeuka, na mimi nikashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini, nikailaza.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kukunja waya. Bi Mwanakombo akaja nyuma ya spika akiwa anatweta.

"Wewe hapo. Toka."

"Bibi, niko sawa hapa."

"Sijakuuliza ukoje. Toka wakuone."

"Bibi, naona haya."

"Zione huku umesimama."

Akanishika mkono. Nilitembea uwanjani nikitazama vidole vya miguu yangu. Mtu alinifunga kanga mabegani, sikujua nani, niliona kucha zenye hina tu. Yule mwanamke aliyenong'ona akasema kwa sauti, "Kumbe mashine yenyewe ndiyo haka katoto!" Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa nyusi.

Shebe alikuwa amekaa barabarani juu ya jiwe. Akauliza, "Wimbo uliisha vizuri?" Nikamwambia uliisha walipotaka wao. Hakuelewa mpaka nilipomweleza njia nzima ya kurudi, nayo kwangu ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Tangu siku ile nyimbo za shughuli hatuzikati mkia. Tunaziacha wazi, na msichana anakwenda na kinanda. Pongwe, Mabawa, mpaka Muheza nimekwenda. Shughuli mbili tatu nilizikataa kwa sababu ya mitihani, moja kwa sababu ya woga.

Kwa hiyo Tatu, vifundo utavijua mwenyewe, havina siri. Usikimbilie msumeno. Msikilize Mama Rehema. Ukiwa kwenye shughuli kaa mahali unapoyaona mabega ya mwimbaji, hata kama ni chini karibu na kreti za soda. Najua utataka kukaa mbele. Usikae mbele.

Jana Shebe kaniambia amempata fundi wa kukitengeneza kile kitufe, aje Jumapili, iwe zawadi ya kukukaribisha wewe kazini. Nimemwomba amwambie fundi asije. Alikibonyeza mara moja, akasikiliza, akafunika kinanda kwa ile kanga ya Pongwe, ambayo nimeiacha hapo. Ni yako sasa. Na kimya cha kile kitufe pia.